UZI: Nimeziona alama zangu za CRB kwa macho yangu. Nilidhani naonewa, kumbe nusu ni mimi mwenyewe

PwezaWaKongowea

Wakuu, habari za usiku. Uzi wenyewe ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi nauza viazi na vitunguu pale Kongowea, Mombasa. Mwezi wa pili nilipeleka benki maombi ya mkopo wa kununua tuktuk ya mizigo. Karatasi zote ninazo: leseni ya kaunti, taarifa za akaunti za miezi 12, wadhamini wawili wenye meno. Siku ya nne yule dada wa mikopo akanipigia. "Mzee, mfumo umekukataa." Nikamuuliza huyo mfumo ni nani, nije niongee naye. Akacheka. Akasema alama zangu za CRB (ofisi zinazotunza rekodi za mikopo ya watu) ziko chini, na yeye hana la kufanya.

CRB nilikuwa naijua kama watu wengi wanavyoijua, yaani kama jela. Fulani "yuko CRB", fulani "katoka CRB". Kumbe karibu kila aliyewahi kukopa benki Kenya yumo, mwema na mkorofi. Tangu kanuni za 2013, benki hupeleka habari za wanaolipa vizuri pia, si za waliokwama peke yao. Kuwemo si dhambi. Swali ni umeandikwaje.

Usiku ule nikabonyeza *433#, ile ya Metropol, moja ya ofisi za CRB, nikajiandikisha kwa shilingi 50. Ujumbe ukaingia: 388. Kipimo chao kinaanzia 200 hadi 900, na ukishaangukia chini ya 400 unahesabiwa mtu mwenye deni lililokwama. Nilijihisi kama mtoto anayesomewa ripoti ya shule mbele ya wageni.

Nikakaa na ile 388 siku mbili. Ya nini? Nani kaiandika? Namba haikujibu. Ndipo jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaniambia, "Wewe umenunua namba, faili lako hujalichukua." Ripoti kamili ni haki yako kuipata bure mara moja kwa mwaka. Kenya ofisi zenye leseni ni tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Nikaomba moja. Ikaja kwa barua pepe, kurasa sita.

Ukurasa wa nne nikakutana nao. Mkopo wa simu wa 2018, shilingi 1,500, kampuni moja ya apu (jina nalihifadhi, kesi siitaki). Hali: haujalipwa. Deni: 2,310. Wakuu, mkopo ule niliumaliza Machi 2019! Nakumbuka kwa sababu nilifuta ile apu siku hiyo hiyo kwa hasira, walikuwa wamempigia mama mkwe.

Na hapa sikilizeni vizuri. Habari mbaya hukaa kwenye faili miaka 5 tangu siku unapomaliza deni. Kwa kuwa kwao sijamaliza, hiyo miaka 5 haijaanza hata kuhesabiwa. Ningebaki humo mpaka nizikwe.

Kuna aliyewahi kupinga rekodi akafanikiwa? Nimekuja kuuliza, sikuja kulia.

MtaaWaSaba

Nimeweka kiti hapa.

NjooUkope

Si Ruto aliwatoa watu wote CRB 2022? Milioni nne na ushee, tulisikia redioni. Wewe ulibakia vipi?

BiHesabu

NjooUkope, uliposikia redioni ulisikia nusu. Nimefanya kazi ya mikopo benki miaka 11, niruhusu niieleze maana hili limewapoteza wengi.

Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kurekebisha rekodi za wakopaji. Ulihusu mikopo ya simu peke yake, ile ya muda wa siku 30 kushuka chini, iliyotolewa na benki, benki ndogo za fedha na kampuni za mikopo ya nyumba. Wenye kukopesha waliambiwa wasamehe angalau nusu ya deni lililokwama, na mteja akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa iliyobaki. Waliolengwa ni wakopaji milioni 4.2, madeni yao yote pamoja kama bilioni 30. Hali ya mkopo ndiyo iliyobadilishwa, kutoka "umekwama" kuwa "unalipwa". Hakuna daftari lililochomwa moto. Na mkopo wa kampuni ya apu isiyo benki, kama wa kaka Pweza, haukuhusika kabisa.

Hizo apu zina hadithi yake. Zilikuwa zinapeleka majina ya watu CRB kwa shilingi mia mbili, mia tatu. Malalamiko yakazidi, Aprili 2020 Benki Kuu ikazizuia zile zisizosimamiwa kupeleka majina, na ikasema deni lisilofika 1,000 lisiandikwe. Tangu 2022 lazima wawe na leseni. Lako lilikuwa 1,500, la 2018, kwa hiyo liliingia kabla mlango haujafungwa.

Halafu, kaka, kabla ya kuandikwa ulitakiwa upewe taarifa ya siku 30. Hukupata?

PwezaWaKongowea

Bi Hesabu, shukrani. Mwishoni mwa 2018 nilibadilisha laini, ile ya zamani ilipotea na simu pale feri. Taarifa kama ilikuja, aliisoma samaki.

DalaliMwema

Mkuu usijisumbue. Njoo inboksi, nina mtu wangu ndani, elfu tatu tu unafutwa kesho asubuhi. Nimeshasaidia wengi.

BiHesabu

Wasimamizi wa jukwaa muoneni huyu.

Ofisi ya CRB haiwezi kufuta deni kwa hiari yake. Habari inaletwa na aliyekukopesha, na aliyeileta ndiye anayeulizwa ikipingwa. "Mtu wa ndani" atachukua elfu tatu zako na nakala ya kitambulisho chako, na mwezi ujao utakuta umekopa mahali usipopajua. Nimewaona wateja wa namna hiyo wakija dirishani wanatetemeka. Kupinga rekodi hakulipiwi. Unaandika barua, unaambatisha ushahidi, wao wanamfuata mkopeshaji.

DalaliMwema

Roho mbaya tu.

MtuWaMinneapolis

Nawasalimu kutoka kwenye theluji. Niko Minneapolis, Marekani, tangu 2011, na huku namba hii ni kama kitambulisho cha pili. Mwenye nyumba ya kupanga anaitazama, wa gari anaitazama, hata bima ya gari katika majimbo mengi. Nilipofika sikuwa na alama nzuri wala mbaya, sikuwa nayo kabisa. Ilinibidi nianze na kadi ya amana: unaweka benki dola 300, wanakupa kadi ya kukopa dola 300. Yaani unajikopa mwenyewe na unashukuru.

Lakini kilichonishangaza ni namna watu wa huku walivyohangaika kuiona namba yao wenyewe. Tunadhani Marekani kila kitu kilikuwa wazi tangu zamani. Wapi!

Sheria ya 1970 iliwapa haki ya kujua kilichomo kwenye faili. Alama ya kampuni ya FICO, hii ya 300 hadi 850, ikatoka 1989, ikaenea kila benki. Sheria ilipofanyiwa marekebisho 1996, ikaandikwa waziwazi kwamba ofisi hizi hazilazimiki kumuonyesha mtu alama yake. Faili ni lako, namba si yako. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwananchi hataielewa, na akiielewa ataichezea.

Mwaka 2000 kampuni ya mikopo ya mtandaoni iitwayo E-Loan ikaanza kuwaonyesha watu alama zao, bure. Haukupita muda ikakatiwa bomba la data. Kelele zikapanda, California ikapitisha sheria mwaka huo huo, na 2001 wenye FICO wenyewe wakafungua tovuti ya kuuza alama kwa wananchi. Wale wale waliosema hutaielewa, ndio wanaokuuzia. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu kwenye treni.

Mwaka 2003 ikaja sheria ya ripoti ya bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja ya ofisi tatu kubwa za huku, Equifax, Experian na TransUnion. Ilianzia majimbo ya magharibi Desemba 2004 ikasogea mashariki taratibu, wa mwisho walifikiwa Septemba 2005, kama mwezi unaoandama. Alama bado ilikuwa ya kununua. Julai 2011 ndipo aliyekataliwa mkopo kwa sababu ya alama akapata haki ya kuonyeshwa ile ile iliyomkatalisha, bila kulipa. Na Novemba 2013 FICO ikaruhusu benki kuwaonyesha wateja wao. Leo naiona kwenye apu ya benki, chini ya salio. Kutoka 1989 hadi hapo ni miaka 24.

Kwa hiyo Pweza, kukaa siku mbili na 388 kisha ukapewa faili zima kwa barua pepe, si mwanzo mbaya.

PwezaWaKongowea

Kaka wa theluji, umenipa somo. Ila niulize, kuiona kumekusaidia nini? Mimi nimeiona na tuktuk sina.

MtuWaMinneapolis

Swali zuri. Mimi naitazama kama watu wa pwani wanavyotazama kusi na kaskazi. Kuna wakati nilikuwa siwezi kulala. Nikajua kwamba asilimia 35 ya alama ya FICO ni kulipa kwa wakati, na 30 ni kiasi unachodaiwa, ikiwemo umekula kiasi gani cha kikomo cha kadi. Basi nikawa nalipa kadi kabla hata bili haijatoka ili namba ipande pointi tano. Mke wangu akaniuliza, "Hizo pointi tano tunapikia?" Nina rafiki alichukua kadi nne kwa ajili ya kupandisha alama tu. Sasa ana kadi nne na madeni manne.

Faida ya kweli niliipata mara moja: niliona akaunti ya hospitali isiyo yangu, ya mtu mwenye jina kama langu. Na hiyo niliiona kwenye ripoti. Alama ilikuwa imeshuka kidogo tu, ningedhani ni kadi.

MkopajiWaMwanjelwa

Naomba niongee upande wa Tanzania, hapa Mbeya. Benki Kuu yetu ilitoa kanuni 2012, na 2013 zikapewa leseni kampuni mbili, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Lakini pita Mwanjelwa uulize, watu watadhani unataja timu za mpira.

Sisi tunayemjua ni kausha damu, mkopeshaji wa mtaani. Huyo hana haja na alama zako. Anachukua kadi yako ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia anautoa yeye, wewe anakuachia nauli. Ukichelewa anabeba friji na godoro. Hakuna ripoti ya kurasa sita hapo.

Na kinachoniuma zaidi ni mama zetu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Mama yangu mzazi ana miaka nane kwenye kikundi, hajachelewesha rejesho hata wiki moja, hata alipofiwa. Daftari wanalo, la jalada gumu, limeandikwa kwa kalamu nyekundu na bluu. Akienda benki leo anaambiwa hana historia ya mikopo! Mimi niliyesumbuana na Songesha, ule mkopo wa simu, ndiye mwenye historia.

BiHesabu

Mdogo wangu wa Mbeya umegusa penyewe. Kwetu vyama ni hivyo hivyo. Mfumo unaona kinachopita mikononi mwa mwenye kuripoti, usipopita hapo huonekani.

Na wengi wanachanganya: kiwango chako cha mikopo ya simu, Fuliza au M-Shwari, si alama ya CRB. M-Shwari ilipoanza 2012 ilitazama unavyotumia simu na M-Pesa, maana wateja wengi hawakuwa na rekodi nyingine yoyote. Unaweza ukawa na kiwango kikubwa cha simu na benki wakakukataa, na kinyume chake. Hata hizo ofisi tatu kila moja ina namba yake na mizani yake. Usishangae zikikupa namba tatu tofauti.

Jambo jingine lisilosemwa. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 Kenya tulikuwa na dari ya riba kisheria, pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Wakati ule alama nzuri ilikuwa haikupi nafuu kubwa: mwema na mkorofi bei moja, na yule wa mashaka tulimkataa tu. Dari ilipoondoka, benki zikaanza kuomba kibali cha kupanga riba kulingana na hatari ya kila mtu. Siku hizi alama haiishii kwenye ndiyo au hapana, inaingia kwenye bei. Watu wawili mezani pamoja, mkopo mmoja, marejesho tofauti. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu waombe ripoti KABLA ya kuomba mkopo. Hawasikii. Wanakuja siku fundi anadai pesa ya mabati.

MtaaWaSaba

Kiti bado kipo, nimeongeza na kahawa.

PwezaWaKongowea

Wakuu, narudi na mrejesho. Zimepita wiki kadhaa, samahanini, Ramadhani ilikuwa na mambo yake.

Nilikwenda duka la Safaricom nikaomba taarifa ya M-Pesa ya Machi 2019. Ikatoka, na malipo yenyewe yamo, na namba ya muamala, na jina la yule mkopeshaji. Nilitaka kuibusu ile karatasi. Nikaandika barua ya kupinga, nikaambatisha kitambulisho, nikapeleka. Wakaweka alama kwenye faili kwamba habari hii inabishaniwa, wakamfuata mkopeshaji. Siku ya 17 wakanijibu: mkopo ulilipwa, rekodi imerekebishwa. Hakuna aliyesema pole, lakini sawa.

Nikabonyeza *433# kwa mbwembwe, mke wangu pembeni, mtoto pembeni. Nilikuwa nawaza 700.

451.

NjooUkope

Hahahaha. Tuktuk imegeuka baiskeli.

BiHesabu

Kaka, ulisoma ukurasa wa nne peke yake? Kurasa sita zilikuwa za nini?

PwezaWaKongowea

Bi Hesabu, ndipo ninapofika, usinivue nguo kabla sijafika chumbani.

Nilirudi kwenye ripoti. Ukurasa wa tatu kuna mkopo wangu wa duka wa 2021, benki nyingine. Huo sikuupinga kwa sababu sikuutazama, nilijua nimeulipa wote. Na kweli umelipwa wote, imeandikwa. Lakini chini yake kuna jedwali la miezi. Mwezi wa tano nilichelewa. Wa sita nikachelewa. Wa nane, wa tisa, na mmoja nilivuka siku 60, nikakaribia zile 90 ambazo wanauita mkopo umekwama. Mwaka ule nilimuoza dada yangu. Pesa ya rejesho ilikwenda kwenye mchele wa harusi, nikijiambia nitalipa, na nililipa. Akilini mwangu mimi ni mtu aliyelipa. Kwenye faili mimi ni mtu anayelipa akipenda.

Sina wa kumpelekea barua kwa hilo. Tarehe ni zangu zote.

Kwa hiyo ndugu zangu, yule wa apu alinidhulumu na nimemshinda. Huyu wa ukurasa wa tatu ni mimi.

MkopajiWaMwanjelwa

Mkuu umeongea kama mwanaume. Wengi humu tungesema ni mtandao.

MtuWaMinneapolis

Pweza, umeangalia na zile ofisi nyingine mbili? Huku nilirekebisha kwa mmoja, yule mwingine akaendelea kuniweka na deni la hospitali miezi mitano.

PwezaWaKongowea

Nimeangalia jana kwa ushauri wako. Ofisi ya pili bado wananionyesha na ile 2,310. Barua ya pili nimeshaandika, nakala ya majibu ya kwanza ndani yake.

Nikampigia yule dada wa mikopo nimuulize wao wanasoma ripoti ya nani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, wewe ndiye mteja wa kwanza kuniuliza hivyo." Kisha akasema wanasoma mbili, hizo hizo. Nikimpelekea majibu ya zote atayapandisha kwa mkubwa wake, pamoja na maelezo ya 2021, ila nisitarajie riba ile ya mwanzo. Itakuwa juu kidogo. Nimepiga hesabu, tuktuk itaweza kuilipa kama viazi vya Nyandarua havitapanda.

Kwa sasa nabeba kwa mkokoteni.

BiHesabu

Maelezo ya 2021 yaandike mafupi. Usitaje mchele.

MtaaWaSaba

Wakuu, na mimi nimebonyeza leo nikiwa bado nimekaa kwenye hiki kiti. 402.

PwezaWaKongowea

Umeponea chupuchupu. Sasa omba ripoti.

MtaaWaSaba

Naogopa ukurasa wa tatu.